Injini ya mvuke ya modeli inapogoma: dalili za magurudumu yasiyolingana na vyanzo vyake

Gurudumu moja la injini ya mvuke lina vipimo visivyopungua saba, na kwenye pakiti ya dukani huandikwa kimoja au viwili. Kipenyo utakiona. Umbali wa pini ya kranki (kipini cha gurudumu kinachoshika rodi, ile fito inayounganisha magurudumu) kutoka katikati, kimo cha flenji (ukingo unaochomoza na kulizuia gurudumu lisitoke relini), unene wake, upana wa tairi, tundu la ekseli na idadi ya spoki unaachiwa uvigundue mwenyewe, na mara nyingi unavigundua usiku, injini ikiwa imeng'ang'ana katikati ya pointi, pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Injini ikigoma, kipenyo ndicho kinachoshukiwa kwanza, na mara nyingi hakina hatia. Mkosaji ni mojawapo ya vile vingine. Na pale kipenyo kinapokosea kweli, dawa yake karibu siku zote ni kukipunguza kidogo, si kuhamisha ekseli.

Nitatumia injini mbili kama mifano. Ya kwanza ni kundi la 59 la East African Railways, zile Garratt 34 (injini zenye vitengo viwili vya magurudumu ya kuendeshea chini ya boila moja) zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. 5918 Mount Gelai bado ipo Makumbusho ya Reli, Nairobi, kwa hiyo mtu anaweza kwenda na utepe wake. Gurudumu lake la kuendeshea ni futi 4 na inchi 6, yaani milimita 1,372, na pistoni yake husafiri inchi 28. Ya pili ni 9F ya British Railways ya Uingereza: ekseli tano za kuendeshea, magurudumu ya futi 5, yamebanana kiasi cha kumtoa jasho fundi yeyote wa modeli. Hiyo ndiyo shule nzuri kuliko zote.

Kwanza, unapima nini?

Kipenyo kinachotajwa kwenye michoro hupimwa kwenye uso wa kukanyagia, pale tairi la chuma linapogusa reli, na ni cha tairi jipya. Ukibana gurudumu la modeli kwa kalipa, meno ya kalipa yanashika ncha za flenji. Toa kimo cha flenji mara mbili ndipo upate kipenyo chenyewe. Watu wengi hudhani wameuziwa gurudumu kubwa kumbe wamepima flenji.

Tairi jipya halibaki jipya. Likichakaa, karakana hulikereza ili kulirudishia umbo, na kila kukereza hupunguza kipenyo. Kabla ya tairi kuvuliwa na kuvishwa jingine, kipenyo kinaweza kuwa kimepungua inchi 2 hadi 3. Kwa skeli ya 1:76, ambako futi moja ni milimita 4 na inchi moja ni theluthi ya milimita, inchi 3 ni milimita 1 kamili. Hapo ndipo uhuru wako ulipo. Usipopata ukubwa wa mchoro, chukua gurudumu dogo kidogo. Injini halisi ilitembea hivyo miaka mingi. Ukichukua kubwa kuliko mchoro, umetengeneza kitu ambacho hakikuwahi kukanyaga reli. Kwa sababu hiyo hiyo, ukipima Mount Gelai na kupata pungufu ya milimita 1,372, usiulaumu utepe.

Injini imesimama juu mno, au imeinamisha pua

Chanzo cha kawaida ni kuchanganya skeli mbili zinazotumia reli moja. Reli yenye upana wa milimita 16.5, yaani umbali kati ya reli mbili za njia, hutumiwa na modeli za Uingereza za 1:76 na za Ulaya bara na Marekani za 1:87. Gurudumu la futi 6 ni milimita 24 kwa 1:76 na milimita 21 kwa 1:87. Yote mawili yanapanda reli bila ugomvi, kwa hiyo hutaona kosa mpaka umeweka bodi, yaani mwili wa juu wa injini. Ukiweka la milimita 24 kwenye injini ya 1:87, umeivisha magurudumu ya karibu futi 6 na inchi 10, na injini imenyanyuka milimita 1.5, kwa sababu kila milimita ya kipenyo huinua fremu kwa nusu milimita. Pima bufa: injini nyingi za Uingereza zina katikati ya bufa futi 3 na inchi 5 na nusu juu ya reli, kwa 1:76 ni milimita 13.8. Bufa zote zikiwa juu kwa kiasi kimoja, magurudumu ya kuendeshea ni makubwa au beringi zimekaa chini mno kwenye fremu. Bufa za mbele pekee zikiwa juu, angalia magurudumu madogo ya mbele, yale yasiyoendeshwa. Yakiwa makubwa kuliko yanavyotakiwa, yanabeba pua ya injini, na ekseli ya kwanza ya kuendeshea inabaki inaelea na kuzunguka bure.

Kuchanganya skeli kwa makusudi ni jambo jingine, na kwa wanaojenga injini za kwetu ni njia nzuri. Reli zetu za zamani ni za mita moja. Kwa 1:87 mita moja ni milimita 11.5, na reli ya dukani iliyo karibu ni ya milimita 12. Kwa 1:76 mita ni milimita 13.1, ile reli ya milimita 12 hapo inageuka kuwa futi 3 kamili, nyembamba mno. Lakini ukijenga kwa 1:64 juu ya reli ya kawaida ya milimita 16.5, unapata milimita 1,056, na tofauti hiyo haionekani kirahisi. Sasa angalia magurudumu. Futi 4 na inchi 6 za kundi la 59 kwa 1:64 ni milimita 21.43. Gurudumu linalouzwa kama futi 5 na inchi 4 la 1:76 ni milimita 21.33. Injini za kundi la 29 na 31, zenye magurudumu ya futi 4, zinahitaji milimita 19.05, la futi 4 na inchi 9 la 1:76 ni milimita 19 juu ya alama. Kwa hiyo injini ya Afrika Mashariki inaweza kuvishwa magurudumu yaliyotengenezwa kwa injini za Uingereza bila kukereza chochote. Kuna kipimo kimoja tu kitakachokuumbua, nacho nitakirudia mwishoni.

Magurudumu ya upande mmoja yanasuguana

Unayasukuma kwa kidole yanazunguka magumu, na ukiinamisha fremu kwenye mwanga unaona flenji ya ekseli moja inaigusa ya jirani. Hapa watu wengi hukimbilia kusogeza ekseli. Subiri kwanza, tupige hesabu.

Kwenye 9F, umbali kati ya ekseli moja na nyingine ni futi 5 na inchi 5, na gurudumu ni futi 5. Kati ya nyuso mbili za kukanyagia kuna inchi 5. Flenji halisi ina kimo cha karibu milimita 28, kwa hiyo kati ya flenji mbili za injini ya kweli hubaki kama milimita 70. Kwa 1:76, zile inchi 5 zinakuwa milimita 1.67. Kama flenji ya modeli ingekuwa ya kweli ingekuwa na kimo cha milimita 0.37, na hakuna ambaye angelalamika. Lakini reli za modeli zina kona kali na viungo vibovu, hivyo flenji hufanywa ndefu. Kiwango cha RP-25 cha NMRA, chama cha wajenzi wa reli za modeli cha Marekani, kwa gurudumu la kodi 110 (namba ya kodi ni upana wa tairi kwa elfu za inchi), kinaruhusu hadi milimita 0.64. Mbili ni 1.28. Toa kwenye 1.67: unabaki na milimita 0.39, unene wa karatasi chache. Panatosha, ila padogo. Sasa weka gurudumu la zamani lenye flenji ya milimita 1: mbili ni milimita 2, na nafasi ni 1.67. Haitawezekana hata uombe dua.

Dawa iko kwenye uchakavu tuliousema juu. Vaa magurudumu ya futi 4 na inchi 10, yaani milimita 19.33 badala ya 20. Inchi 2 tu zimepungua, na hizo injini yoyote halisi ya 9F ingeweza kuzipoteza karakana. Nafasi inapanda kutoka 1.67 hadi 2.33. Hata zile flenji za milimita 1 sasa zinapita, na za 0.64 zinaachiana zaidi ya milimita nzima. Ukisogeza ekseli badala yake, rodi zote zinabadilika urefu, fremu inarefuka, nafasi za breki zinahama, na mwisho bodi haikai.

Kuna zawadi moja ndani ya 9F: magurudumu ya ekseli ya tatu hayana flenji kabisa, hata kwenye injini halisi. Usije ukadai dukani kwamba wamekuuzia pungufu.

Kama yanazunguka huru bila bodi lakini yanakwama au kupiga shoti ukishavisha kila kitu, usihesabu flenji. Magurudumu ya upande mmoja yana umeme wa upande mmoja, hivyo kugusana kwao hakuleti shoti. Shoti inatoka kwenye bloku za breki za chuma, au vifuniko vya juu vya magurudumu, vikiguswa na tairi. Badilisha bloku ziwe za plastiki, au paka rangi nzito ndani ya vifuniko na kuviacha vikauke kabisa.

Inakwama mara moja au mbili kwa kila mzunguko

Hili ndilo gonjwa kubwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa ovyo kuliko yote. Mtu anaona injini inasita, anakamata tupa ya mviringo na kupanua matundu ya rodi mpaka injini inatembea. Inatembea, lakini inagongagonga kama cherehani mbovu, na hakuna tena njia ya kurudi nyuma.

Ondoa mota, ondoa gia. Vua rodi zote. Weka fremu juu ya kioo na uisukume: kila ekseli izunguke huru. Kama kuna inayokataa hapo, kosa lipo kwenye beringi, na magurudumu hayahusiki. Ikiisha, funga rodi za upande mmoja tu. Ukiwa na upande mmoja, pembe kati ya kranki za kulia na kushoto haina kazi, hivyo chochote kitakachokwama sasa hakiwezi kutokana nayo. Kukikwama, itakuwa pale kranki zinapotazama mbele kabisa au nyuma kabisa, rodi ikiwa kwenye mstari mmoja na ekseli. Hapo kuna vyanzo viwili pekee: matundu ya rodi hayana umbali sawa na ekseli, au pini za kranki haziko umbali sawa kutoka katikati ya gurudumu. Vitofautishe kwa kalipa kabla ya kushika tupa. Pima kutoka ukingo wa ekseli hadi ukingo wa pini kwenye kila gurudumu. Kama namba zinatofautiana, rodi yako haina kosa lolote, na ukiipanua utakuwa umeharibu kitu kizima ili kifanane na kibovu. Hutokea hasa mtu anapochanganya magurudumu ya seti mbili: kipenyo sawa, pakiti zinafanana, kranki tofauti.

Upande wa kulia ukipita, uvue, ufunge wa kushoto peke yake. Nao ukipita, funga pande zote mbili. Kama sasa inakwama, chanzo ni pembe. Kwenye injini yenye silinda mbili, kranki ya kulia na ya kushoto hupishana nyuzi 90, ili upande mmoja ukifika mahali pistoni haiwezi kusukuma, mwingine uwe kwenye nguvu zake zote. Kwenye modeli mota ndiyo inasukuma, kwa hiyo si lazima ziwe 90 kamili. 88 au 93 haitakudhuru. Kinachodhuru ni ekseli moja kuwa 88 na ya pili 93. Zote ziwe sawa. Pia zote zitangulize upande mmoja: ukiwa na ekseli tatu ambazo kulia kunatangulia na moja ambayo kushoto kunatangulia, injini haitasita, itafunga kabisa. Magurudumu ya Romford na Markits yana mwisho wa ekseli wa pembe nne unaoyaweka kwenye pembe yenyewe. Yale ya kupachika kwa kubana, kama ya Alan Gibson, yanahitaji kifaa cha kupangia, na kifaa hicho ni cha lazima, usijidanganye na jicho.

Njia ya kupata ekseli mbaya kwenye injini ya ekseli nne au tano ni kuziunganisha mbili mbili. Ya kuendeshwa na gia iwe ndiyo msingi. Nyingine zote zirekebishwe kuifuata. Kwa Garratt, kila kitengo kina hesabu zake. Kitengo cha mbele na cha nyuma havijaunganishwa kwa rodi, kwa hiyo pembe ya kimoja haina uhusiano wowote na ya kingine.

Njia nyoofu inapita, kwenye pointi inaruka

Kabla ya kulaumu pointi, pima umbali wa ndani kati ya mgongo wa gurudumu moja na mgongo wa lingine kwenye ekseli ileile. Kwa reli ya milimita 16.5 yenye magurudumu ya kisasa ya 1:76, umbali huu ni kati ya milimita 14.4 na 14.5. Pima sehemu tatu za mzunguko. Kama namba inabadilika, gurudumu limepachikwa upande.

Namba hiyo ina sababu yake. Kwenye pointi, mkabala na ile ncha ambapo reli mbili zinakutana, kuna reli ya ulinzi inayolishika gurudumu la upande wa pili kwa mgongo, ili flenji ya upande huu isiipige ncha. Tuseme nafasi ya flenji kwenye pointi yako, yaani pengo kati ya reli ya ulinzi na reli iliyo kando yake, ni milimita 1.25. Kutoka uso wa reli ya ulinzi hadi kwenye ncha ni 16.5 kutoa 1.25, yaani 15.25. Ekseli yenye umbali wa ndani wa 14.4 na flenji yenye unene wa 0.76 inafika 15.16. Inapita, imebakiza chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Panua umbali wa ndani hadi 14.6 na inakuwa 15.36: kila ikipita, flenji inaipiga ncha kwa uso, na mara moja moja inapanda upande usiotakiwa. Ukiipunguza hadi chini ya 14, tatizo linageuka. Migongo ya magurudumu inabana kati ya reli ya ulinzi na ile ya pembeni mwa ncha, na injini inanyanyuka.

Basi kama injini moja inaruka na nyingine zote zinapita, rekebisha injini. Kama zote zinaruka mahali pamoja, pima pointi: ikiwa nafasi ya flenji ni milimita 1.5, hesabu ya ncha inashuka hadi 15.0, na magurudumu yaliyo sahihi kabisa yatagonga. Gundisha kipande chembamba cha plastiki kwenye reli ya ulinzi hadi nafasi irudi.

Wanaotumia reli ya upana wa milimita 18.2 au 18.83 kwa 1:76 wana umbali wa ndani wao wenyewe, na ekseli zao hazichanganyiki na hizi.

Kuna mruko mwingine unaofanana na huu lakini si huu: gurudumu haligongi ncha, linazama kabla ya kuifikia, unasikia "tup". Hapo tairi ni jembamba kuliko pengo. Tairi la kodi 110 lina upana wa milimita 2.79, la kodi 88 lina 2.24. Pengo mbele ya ncha ni karibu mara mbili ya nafasi ya flenji, na kwa 1.25 ni milimita 2.5. Tairi la 2.79 linavuka likiwa bado limeshika pande zote, la 2.24 linaanguka. Magurudumu membamba ni mazuri kwa macho, maana tairi halisi lina upana wa karibu inchi 5 na nusu, kwa 1:76 kama milimita 1.8. Ila uzuri huo unadai pointi zenye nafasi finyu. Kama reli zako ni za kawaida za dukani, baki na 110 kwenye injini na uache urembo kwa ya kuweka kabatini.

Mtetemo wa haraka kila mahali, hata kwenye njia nyoofu

Flenji ndefu zinapiga vishikio vya reli juu ya mataruma. Angalia vishikio vya upande wa ndani: vina mikwaruzo inayong'aa. Hutokea injini ya zamani ikihamishiwa kwenye reli fupi, kwa mfano kutoka reli ya kodi 100, yenye kimo cha milimita 2.54, hadi kodi 75, yenye milimita 1.9. Kereza flenji, au badilisha magurudumu. Usikate vishikio, ndivyo vinavyoshika reli.

Inakwama au kupanda kwenye kona

Kwenye injini yenye ekseli nyingi, kona inadai ekseli za kati zisogee pembeni. Kiasi chake kinahesabika: chukua umbali kati ya ekseli ya kwanza na ya mwisho, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. 9F kwa 1:76 ina milimita 86.7 kati ya ekseli za mwisho. Kwenye kona ya milimita 438, ambayo ni ya kawaida kwenye seti za dukani, unapata milimita 2.1. Kwenye kona ya milimita 900 ni 1.04. Ule ulegevu uliopo kati ya flenji na reli ni kama milimita 0.6 tu, kwa hiyo kilichobaki kitoke kwenye ekseli zenyewe kucheza kushoto na kulia. Punguza washa za ekseli za kati, acha za mwisho zikiwa zimebana. Na hapa ndipo magurudumu ya 9F yasiyo na flenji yanapokusaidia tena.

Ukishalegeza, hakikisha pini za kranki ni ndefu kidogo kufidia, la sivyo rodi zitapinda.

Nati ya pini ya mbele inagonga rodi ya pistoni

Injini zenye silinda za nje zote zina ugonjwa huu. Reli ya milimita 16.5 kwa 1:76 ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, lakini matairi ni mapana kuliko ya kweli, na rodi na nati zake nene kuliko za kweli. Ziada yote inajilundika pale mbele, nyuma ya kile kichwa kinachobeba rodi ya pistoni. Tumia nati nyembamba kwenye ekseli ya kwanza, zamisha nusu yake ndani ya rodi, na weka washa ya kuzuia ekseli hiyo isicheze. Usisogeze silinda nje mpaka umefanya hayo, maana ukizisogeza utaziona kwenye kila picha.

Inarukaruka, au inatikisa kichwa

Tofautisha mambo mawili. Kuruka juu na chini kunatokana na tundu la ekseli kutokuwa katikati, au tairi kutokaa sawasawa kwenye kitovu. Kutikisika kushoto na kulia kunatokana na gurudumu kupachikwa upande. Zungusha ekseli mbele ya ncha ya penseli iliyotulia: penseli ikigusa upande mmoja wa uso wa kukanyagia, ni la kwanza, ikigusa ubavu, ni la pili. La pili linatibika. La kwanza ni kurudisha gurudumu dukani.

Injini nzito haivuti, na ekseli moja inachafuka haraka

Matairi ya ekseli hiyo yana kipenyo tofauti na mengine. Rodi zinayalazimisha magurudumu yote kuzunguka pamoja, kwa hiyo tofauti ya milimita 0.2 inalitelezesha tairi milimita 0.63 kila mzunguko, mbele au nyuma. Uchafu mweusi na rangi ya nikeli iliyobanduka ndio ushahidi. Nunua magurudumu ya kuendeshea yote kwa pamoja, ya seti moja.

Kwenye Garratt yenye mota mbili, tatizo linavaa sura nyingine: kitengo kimoja kinavuta, kingine kinasukumwa. Kipenyo kikitofautiana kwa milimita 0.3 kwenye milimita 21.4, kasi zinatofautiana kwa asilimia 1.4, na uzito wa mabehewa ndio unaolipa.

Inakimbia mno hata kwa umeme mdogo

Kipenyo na gia vinakwenda pamoja. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Kwa 1:64 ni milimita 312 kwa sekunde. Gurudumu la milimita 21.4 lina mzingo wa milimita 67, kwa hiyo linazunguka mara 4.6 kwa sekunde, karibu mara 280 kwa dakika. Kwa gia ya 40 kwa 1, mota inatakiwa kufika mizunguko 11,000 hivi. Kama mota yako inafika 20,000, umenunua gia ya treni ya mwendo kasi. Badilisha gia, usibadilishe gurudumu.

Inatembea vizuri, lakini rodi zinacheza kidogo mno

Hiki ndicho kipimo nilichoahidi kukirudia. Pistoni ya kundi la 59 husafiri inchi 28, kwa hiyo pini ya kranki iko inchi 14 kutoka katikati, nusu ya safari ya pistoni. Kwa 1:64 ni milimita 5.56. Lile gurudumu zuri la futi 5 na inchi 4 lilitengenezwa kwa 1:76, na hata kama lilikusudiwa injini yenye safari hiyohiyo ya inchi 28, pini yake iko milimita 4.67. Pungufu ni karibu milimita 0.9 kila upande, yaani pistoni inasafiri milimita 1.8 pungufu. Kwenye Garratt, ambako mashine zote za kuendesha ziko nje na zinaonekana, jicho linakamata.

Ziba tundu la zamani kwa kipande cha shaba na gundi ya epoksi, toboa jipya kwenye milimita 5.56. Injini ina magurudumu 16 ya kuendeshea, kwa hiyo tengeneza kigezo kimoja cha chuma chenye pini ya ekseli na tundu la kuongoza drili, utoboe yote 16 kwa kigezo hicho na drili hiyohiyo. Kabla ya kutoboa la kwanza, angalia tundu jipya linaangukia wapi: likikuta spoki, lina chuma cha kushikilia, likikuta nafasi kati ya spoki mbili, jaza pengo hilo kwanza na uache ujazo ukauke kabisa. Kisha pima matundu yote, si moja, kwa sababu kranki ya tano ikiwa na milimita 5.4 utarudi kule kwenye kukwama mara mbili kwa mzunguko, na safari hii ukiwa umeshapaka rangi.